Shikamoo ya Chumba cha Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa pa kukaa, nilipewa sweta. Sweta, Kibaha, katikati ya kiangazi! Nilitoka nyumbani na gauni la maua na viatu vya kuazima kwa dada, jasho limenitoka tangu stendi, halafu mtu ananiletea sweta la sufi. Nikadhani wananifanyia mzaha wa mgeni. Mkuu wa Kituo chetu cha kompyuta, mzee mrefu aliyependa kuongea akiwa amefunga mikono nyuma, akaniambia, "Vaa, binti. Humu ndani anayeheshimiwa ni mashine. Sisi wengine tunavumilia."

Na kweli, mlango ulipofunguliwa ubaridi ulinipiga usoni nikasahau salamu. Viatu tulivua nje, vumbi lilikuwa adui namba moja. Ndani kulikuwa na makabati makubwa kuliko kabati la nguo la bi harusi, yanaunguruma yote kwa pamoja, na sakafu ya kunyanyuliwa ambayo chini yake zilipita nyaya nene kama mkono wangu. Niliwaza jambo moja tu: mama yangu hataamini.

Kwetu ni Chole, ile ya ndani huko Kisarawe. Nilisomea bomani Kisarawe kwa shangazi, nikamaliza kidato cha nne, na ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, wakati serikali ilipokuwa ikitafuta vijana wa kila kazi mpya. Nikaajiriwa kuwa mpiga kadi. Vijana wa leo hamzijui kadi. Zilikuwa karatasi ngumu, unazitoboa kwa mashine yenye vitufe kama taipureta, na kila tundu lilikuwa na maana yake. Ukikosea tundu moja, kadi nzima unaitupa, na msimamizi wa wapiga kadi, mama mmoja mkali wa Moshi, anaiokota na kukuwekea mezani bila kusema neno. Afadhali angesema.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa chumba chenyewe cha mashine, nikawa mwendesha mashine. Huko ndiko nilikomkuta Bwana Maganga, Mkuu wa Zamu. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mwenye kifua kipana na kicheko cha kuamsha watoto. Aliposikia jina la baba yangu tu, akapiga makofi. "Binti Kondo! Mzaramo! Basi kazi imeharibika. Kila kukisikika ngoma, zamu itabaki na mimi peke yangu."

Nami sikungoja kufundishwa. "Heri mimi nicheze," nikamwambia, "kuliko wewe uliyekuja pwani na mzigo kichwani ukasahau kuutua."

Tukacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hakasiriki. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, sisi wawili hatukuamkiana kama watu wengine. Alinizidi umri, lakini shikamoo yangu hakuipata. Nikiingia asubuhi nilimuuliza kama amefika salama na mzigo, naye aliniuliza kama ngoma imekwisha. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na asiyetujua alidhani tunagombana.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Mashine yetu ilikuwa moja, na idara zilizoitaka zilikuwa nyingi. Kununua nyingine haikuwezekana: fedha za kigeni hazikuwapo, na kompyuta hazikuruhusiwa kuingia nchini bila kibali. Hata sabuni tulipanga foleni, sembuse kompyuta. Kwa hiyo akaja fundi kutoka makao makuu na programu mpya ambayo kazi yake ni kuifanya mashine moja ijione kuwa mashine kadhaa. Kila idara ikapewa mashine yake ya kufikirika ndani ya ile ya chuma. Idara ya maji iliamini ina mashine nzima, idara ya minazi vilevile, idara ya shule vilevile. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Bwana Maganga ndiye aliyezipa majina yaliyotukaa. Ile programu kuu aliiita Mwenye Nyumba. Zile mashine za kufikirika aliziita wapangaji. "Nyumba ni hii hii ya vyumba sita," alisema, "ila kila mpangaji amedanganywa kuwa uwanja wote ni wake."

Diski nazo ziligawanywa hivyo hivyo. Diski ya zamani haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilikuwa rundo la sahani za chuma zilizopangwa juu ya mhimili, limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki kama kawa juu ya sinia. Unaibeba kwa mikono miwili, unaishusha ndani ya kiendeshi chake, unazungusha, unatoa kifuniko. Mpangaji alikatiwa kipande cha diski, naye akaamini kipande kile ni diski kamili. Kila alipotaka kusoma au kuandika, ombi lilipita kwa Mwenye Nyumba, akalitazama, akalirekebisha, ndipo akalipeleka kwenye chuma. Ulikuwa utaratibu salama, ila wa polepole, kama kumwomba jirani chumvi kwa kumtuma mtu wa tatu.

Mpangaji wa maji hakuuweza utaratibu huo. Programu zake zilikuwa za kale, zilitoka kwenye mashine iliyokufa, na zilizoea kuongea na diski yao uso kwa uso. Zikicheleweshewa jibu, zinasimama. Dawa yake ilikuwa kumkabidhi diski nzima, chuma chenyewe. Unaandika amri kwenye meza kuu, ile ya kuongozea mashine, ukitaja namba ya kiendeshi, na kuanzia hapo Mwenye Nyumba anajitoa. Mpangaji na diski wanaongea wenyewe. Mbio zake zilikuwa raha kuzitazama. Lakini mjue na upande wa pili: Mwenye Nyumba akishajitoa, halindi tena kitu. Hatazami jina la diski, hajali ya nani. Mpangaji akisema futa, chuma kinafuta.

Jina la utaratibu huo nusura lituletee balaa. Yule fundi, akitueleza kwenye mkutano wa wafanyakazi, aliiita "diski binafsi." Katibu wa tawi la chama alikuwa amekaa mbele. Akasimama taratibu. "Ndugu fundi, hapa mali yote ni ya umma. Nani huyo aliyepewa diski binafsi, na kwa kikao gani?" Fundi akaanza kutapatapa na habari za chaneli na namba. Bwana Maganga akainuka, uso mkavu kabisa. "Ndugu Katibu, ulimi umeteleza. Ni diski ya kukabidhiwa. Mpangaji anakabidhiwa na umma, akimaliza anairudisha kwa umma." Katibu akaridhika, akaagiza iandikwe hivyo. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Kiangazi kimoja vijana wa idara ya maji walikwenda Chole kwetu. Walizunguka bondeni na vilimani msimu mzima wa ukame, wakitoboa ardhi na kupima maji yamesimama kina gani na yanarudi kwa kasi gani, ili ijulikane visima vichimbwe wapi. Mtambo wa kuchimba ulikuwa mmoja, na ungepelekwa kwa wale ambao hesabu zao zimekuwa tayari. Vipimo vilipigwa kwenye kadi, kadi zikaingizwa kwenye diski. Masika paa la stoo likavuja, kadi zote zikavimba na kuoza. Tepu mpya za kunakilia hazikupatikana. Vipimo vya Chole vikabaki kwenye diski ile moja, na wala hapakuwa na mtu aliyeona ajabu, maana mambo mengi wakati ule yalibaki mahali pamoja.

Kwangu haikuwa diski tu. Mama yangu, na magoti yake yale, alikuwa akiteremka bondeni kufukua mchanga, kungoja maji yajikusanye, na kuyachota kwa kata hadi ndoo ijae. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza, "Hiyo mashine yenu inasema maji yako wapi?"

"Mama, haisemi. Inahesabu."

"Basi iambie ihesabu upesi. Magoti yangu hayana subira ya serikali."

Nilimsimulia Bwana Maganga. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Tangu siku hiyo, mpangaji wa maji akiomba diski, alikuwa hamweki foleni.

Diski zote tulizipa majina, na jina halikuruhusiwa kuzidi herufi sita. Ndivyo mashine ilivyotaka. Diski ya vipimo iliandikwa CHOLE, kwenye kifuniko kwa wino na ndani ya chuma kwa sumaku. Bwana Maganga alipokuwa likizo kwao Tabora, watu wa minazi walileta diski yao iliyojaa hesabu za visiwani, kutoka Mafia. Huko Mafia nako kuna Chole, kisiwa. Nao wakaandika diski yao CHOLE. Sisi watu wa pwani tunajua kuwa Chole ni mbili, kama tunavyojua shangazi na mama mdogo. Mtu wa Tabora angejulia wapi? Chole aliyoijua yeye ni ile niliyomsumbua nayo kila siku.

Ikafika asubuhi moja ambayo umeme ulikuwa umetangazwa kukatwa. Tulikuwa tunakimbizana na kazi. Mkuu wa Kituo alichungulia mlangoni akasema, "Maganga, ile Chole imeshamaliza kazi, ripoti yao imetoka. Isafisheni kabla umeme haujakwenda, watu wa shule wanaisubiri." Akaenda zake. Alimaanisha ya minazi.

Bwana Maganga akanigeukia na meno yote nje. "Umesikia, Mzaramo? Leo naifuta Chole yenu. Haitaonekana tena duniani."

"Futa," nikamjibu. Mkuu alipochungulia nilikuwa nimeinama nyuma ya mashine ya kuchapa, sikuyasikia maneno yake, nikadhani huu ni utani wa kila siku. "Futa, uone kama utapata wa kukupa maji ukipita na mzigo wako."

Nikaingia chumba cha pili kuchana karatasi za ripoti. Niliporudi kuweka tepu kwenye kabati la diski, nikaiona diski ya minazi imekaa mahali pake, na kifuniko chake chenye ufa ule niliouzoea. Pembeni yake pengo. Diski ya vipimo haikuwapo. Nikageuka. Kiendeshi cha mwisho kilikuwa kinazunguka, na kifuniko chake kiko juu: CHOLE, kwa mwandiko wa kijana wa maji. Bwana Maganga alikuwa meza kuu. Alishaikabidhi kwa mpangaji wa usafi, ile mashine ya kufikirika ya kufutia diski, maana kusafisha diski nzima hakufanyiki kwa kipande. Lazima ukabidhiwe chuma. Programu ya kusafisha ilikuwa na hadhari yake, ilikuwa inauliza jina la diski kwanza na kulilinganisha na lililo ndani. Aliandika CHOLE. Ndani ikakuta CHOLE. Ikaridhika, ikabaki kusubiri kitufe kimoja tu.

"Bwana Maganga, hiyo siyo!"

"Ah, Mzaramo anatetea kijiji." Hakugeuka hata.

"Hiyo siyo, nakwambia! Usibonyeze!"

Akaangua kicheko chake kile. "Mkiambiwa mlie, mnalia kweli. Ngoja nimalize, nitakulipa kuku." Mkono ukawa unateremka kwenye kitufe. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo utani ulivyomnogea, maana ndivyo mtani afanyavyo, anapiga kelele. Nilikuwa mbali, makabati yako katikati. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya utani. Miaka yote ile hatukuwa na mengine.

Nikasimama wima, nikashusha sauti. "Shikamoo, Mkuu wa Zamu."

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea tu. Halafu mkono ukabaki hewani. Akageuka polepole kunitazama, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Kuna msiba?"

"Chole ni mbili," nikasema. "Ya minazi ni ya Mafia, ipo kabatini. Hiyo iliyomo ni visima."

Akaondoa mikono mezani kabisa, akaiweka mapajani kama mtoto shuleni. Akanyanyuka, akaenda kabatini, akasoma kifuniko chenye ufa, akasoma na kile cha juu ya kiendeshi. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye sakafu yetu baridi. "Ningemwambia nini mama yako?" akasema. Nami machozi yakanitoka, kwa hofu na kwa kumpenda mtu yule, na sikuona haya kulia.

Alikwenda mwenyewe kumweleza Mkuu wa Kituo kabla umeme haujakatika. Hakulaumu wino, hakumlaumu mtu. Mkuu alisikiliza, mikono nyuma. "Herufi sita," akasema mwishowe. "Chole ina tano. Mlikuwa na moja ya akiba, mmeiweka ya nini?" Mchana ule ule diski zikawa CHOLEK na CHOLEM, ya Kisarawe na ya Mafia.

Lakini Bwana Maganga hakutosheka na herufi. Alisema herufi haimzuii mtu anayecheka. Akaweka kanuni ya chumba: hakuna kukabidhi diski peke yako. Mmoja anakaa meza kuu, mwingine anasimama kwenye kiendeshi. Wa mezani anasema, "Shikamoo." Wa kwenye kiendeshi anasoma kifuniko kwanza, neno kwa neno, akihakikisha ndicho, ndipo anaitika, "Marahaba." Asipoitika, hakuna kinachofanyika. Hata awe nani mezani, hata Mkuu wa Kituo awe mlangoni na saa mkononi. Wageni walituona watu wenye adabu za kupindukia, tunaamkiana kutwa nzima.

Visima vilichimbwa Chole. Cha karibu na kwetu kilitoa maji kwa pampu ya mkono, na mama yangu alipoyaonja mara ya kwanza alisema yana chumvi kidogo. Sikujua nicheke au nilie. Bwana Maganga aliomba nimpeleke akamwamkie. Mama akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akakishika hewani bila kumpa. "Ndiye huyu mbeba mizigo aliyetaka kutunywesha vumbi?"

"Ndiye, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya bure hatuna. Pampu ile pale, nijazie ndoo." Mnyamwezi wa watu akapampu hadi shati likamganda mgongoni, na wanawake wa jirani nao wakaleta ndoo zao.

Mashine ile iliondolewa baada ya miaka, wakaja wakuu wengine na mashine ndogo. Mimi nilistaafu nikarudi Kisarawe kulima mihogo na kugombana na ngedere. Mjukuu wangu anafanya kazi ya kompyuta mjini. Juzi alikuwa ananieleza kwamba siku hizi wana mashine pepe, na zikitaka mbio wanazipa diski moja kwa moja. Alidhani ananifundisha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana nilifurahi, nilifurahi mno kuona nyumba ile ya wapangaji bado imesimama mahali fulani. Kisha nikamuuliza, "Na nani anasoma kifuniko?" Akasema hakuna kifuniko, bibi. Nikamwambia kipo, akitafute.

Bwana Maganga alijenga Soga, kando ya reli. Tabora hakurudi, alisema inatosha kusikia treni ikienda huko. Mwaka jana akafariki, wakanipigia simu, nikaenda. Wanawe walinijua. Jeneza lilipofikishwa kaburini nikafanya kazi ya mtani: nikanyang'anya jembe, nikakaa juu ya udongo, nikasema hakuna kuzika hapa. "Mmesoma lebo?" nikawauliza. "Mmehakikisha ndiye? Msije mkanizikia Mnyamwezi wa kijiji kingine, huyu wangu ana mzigo bado hajautua!" Watu wakacheka huku wanapangusa macho. Kijana wake mkubwa akanipa kuku, kuku hai kabisa, amefungwa miguu. "Baba alisema hili ni deni lako," akaniambia.

Nikainuka, nikarudisha jembe. Nikasogea ukingoni pale alipolala, na sikuwa na utani uliobaki.

"Shikamoo, Mkuu wa Zamu."

Nilingoja. Kwa kanuni yake mwenyewe, asipoitika hakuna kinachofanyika. Wale vijana hawakuijua kanuni hiyo, wakaanza kutia udongo.